Kati ya Jiwe la Nne na la Tano

Nchi ya Uhakiki msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mwulizeni mtu yeyote aliyewahi kuomba jambo moja kwa muda mrefu, akachoka, akaomba tena na uchovu wake hivyo hivyo. Huyo atawaonyesha njia, maana ameshapita. Namkunda naye alipita. Aliingia Jumanne asubuhi, miguu imemvimba, kitenge cha msiba kiunoni, na barua ameifutika ndani ya Biblia. Jinsi alivyofika mpakani sitawachosha nayo. Alitembea, basi.

Barua ilitoka kwa wifi yake. Binti wa Namkunda, Nakiete, mwenye miaka tisa, alikuwa amelazwa katika hospitali ya wamisionari ng'ambo ya nchi ile, ana uvimbe nyuma ya sikio unaokua kuelekea ndani. Wifi mtu alitangulia naye wakati Namkunda anamzika mama yake, na walikubaliana kwamba mama atawafuata baada ya matanga, kwa kuwa siku ya upasuaji ilikuwa bado mbali. Sasa madaktari wameiwahisha. Ni Alhamisi, saa sita mchana. Wifi aliandika kwamba mtoto hali, hazungumzi, anauliza jambo moja tu, kama mama atafika kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Naye, ili mtoto atulie, amemwahidi kwamba mama atafika.

Njia ya kuizunguka nchi ile ni siku tisa. Ya kukatisha katikati ni siku mbili. Namkunda hakuwa na la kuchagua.

Nchi yenyewe ina mikoa miwili. Upande wa kuingilia unaitwa Kilioni, upande wa kutokea unaitwa Shukranini, na katikati kuna ukanda mwembamba unaoitwa Pengo. Mgawanyo huo wote umeletwa na mawe sita. Wazee wa mwanzo waliichukua zaburi ya kumi na tatu, ile fupi ya Daudi yenye aya sita, wakachonga kila aya kwenye jiwe lake, wakayasimika mawe kando ya njia kuu. Jiwe la kwanza linamwuliza Mungu kama amemsahau mtu wake, na mpaka lini. La pili ni la mtu anayeshinda kutwa nzima akihojiana na nafsi yake. La tatu linamsihi Mungu atazame, ayatie macho nuru kabla mauti hayajayafumba. La nne linaogopa adui asije akasherehekea. Kisha njia inakwenda hatua kumi na mbili bila jiwe lolote, halafu hilo hapo jiwe la tano, na mtu yule yule aliyekuwa analia anasema kwamba yeye amezitumainia fadhili za Mungu. Kwenye la sita anasema ataimba, kwa kuwa ametendewa mema.

Mema gani? Hapo ndipo Wahakiki walipokwama, na wamekwama hadi leo. Mtu analia kwenye jiwe la nne, anashukuru kwenye jiwe la tano, na hakuna palipoandikwa alipewa nini, lini, wala mbele ya shahidi gani. Watu wengine wangesoma wakaendelea na safari zao. Wahakiki waliunda tume. Tume ikatoa taarifa kwamba jambo hilo haliwezekani. Lazima katikati lilikuwepo jiwe jingine lililoeleza jibu lenyewe, nalo limefukiwa. Basi wakashika majembe.

Wamechimba vizazi saba. Pengo lote ni mashimo, mengine marefu kuliko nyumba. Kila jiwe linalotoka huoshwa, hupewa namba na kuwekwa ghalani, na maghala yameshafika kumi na manne. Mara moja tu lilipatikana jiwe lenye alama. Baraza lilijadili alama zile miaka kumi na moja, watu wakavunja uchumba kwa kutokubaliana juu ya tafsiri, mpaka mama mmoja muuza mboga alipopita akawaambia kwamba hiyo ni mikwaruzo ya jembe. Walipopima, wakaona ni la kwao wenyewe. Jiwe hilo halikutupwa. Liko kabatini, na wageni wa heshima huonyeshwa.

Kwa kuwa jibu halijapatikana, kuna sheria ya muda, ambayo sasa ina miaka mia moja na arobaini. Hakuna mtu kuvuka kwenda Shukranini, wala kuyatamka maneno ya jiwe la tano, mpaka awe na Cheti cha Kujibiwa. Cheti hutolewa kwa ushahidi. Aliyeomba mvua alete matope, aliyeomba mtoto alete mtoto.

Karani wa dirisha la kwanza la kuombea cheti aliitwa Hemani, mtu mwembamba wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi. Namkunda alimweleza habari ya Alhamisi. Hemani alisikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli alimhurumia, kisha akamwuliza kilio chake ni cha daraja gani. Daraja la kwanza ni msiba, la pili ugonjwa, la tatu dhuluma, la nne mengineyo. Namkunda alisema anaye mama aliyemzika wiki iliyopita na mtoto anayekwenda kupasuliwa keshokutwa. Karani akatikisa kichwa taratibu. Vilio viwili havipokelewi kwa pamoja, vinachanganya jalada. Itabidi achague kimoja, na akichagua ugonjwa, basi kile kitenge cha msiba akivue, maana mkaguzi akikiona ataandika kwamba mwombaji hajui anachokililia.

Namkunda alisimama pale dirishani, watu wanamsukuma mgongoni, na akakivua. Alikikunja, akakitia kwenye mkoba juu ya chakula cha njiani. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angeulizwa achague kati ya mama yake na mwanawe, tena na mtu anayesema samahani.

Foleni ya Kilioni ni mji. Watu wamezaliwa humo, wameoana humo, wamejenga. Sheria yake kubwa ni kwamba anayecheka hupoteza nafasi, kwa kuwa kicheko ni dalili kwamba hali si mbaya kiasi hicho. Kwa hiyo watu hutembea na vitambaa mdomoni, na akina mama huwapeleka watoto wachanga mbali wanapoanza kutabasamu. Vilio navyo vimekuwa ufundi. Wako mabingwa wanaoweza kulia kwa nusu saa bila kufikiri chochote, na wanawafundisha wengine asubuhi na jioni.

Jirani yake kwenye foleni alikuwa mama mmoja mzee, Bi Kora, mwenye mikono inayonuka vitunguu. Kazi yake ilikuwa kumenya na kukatakata vitunguu vya Shukranini. Kule, alieleza, machozi yamepigwa marufuku, kwa kuwa mtu aliyekwisha kujibiwa hana sababu ya kulia. Akikutwa na machozi ananyang'anywa cheti. Vitunguu hukatwa huku Kilioni, vikavushwa kwa ndoo vikiwa tayari kwa sufuria, ili pasiwe na mtu wa kushukiwa bure. Bi Kora alikuwa foleni mwaka wa kumi na tisa. Angekuwa karibu na mlango, lakini mwaka wa saba alimwona mbuzi ameingia ofisini na kutafuna kiapo cha mkuu wa nchi, akacheka, akarudishwa mwisho.

Namkunda alimwuliza analilia nini. Bi Kora akasema alikuwa na mwana, Zeruya, aliugua kifua. Aliomba apone. Jalada likafunguliwa, na likiwa bado linazungushwa kutoka meza hii kwenda meza ile, Zeruya akafa. Sasa jalada haliwezi kufungwa kwa sababu hakuna jibu, na haliwezi kujibiwa kwa sababu hakuna tena mgonjwa. Kila mwaka humwita wakamwuliza kama kuna mabadiliko.

Namkunda alisogea pembeni kidogo. Aibu ilimshika kwa kufanya hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimwogopa yule mama. Alihisi kwamba akikaa naye sana, jambo lile litamnusa na kumfuata hadi hospitali. Hata hivyo, jua lilipokuwa kali, ni Bi Kora aliyemtilia maji na kumwambia akae, akatandika khanga yake wakaketi wote wawili.

Jumatano asubuhi foleni ilikuwa imesogea watu wanne. Namkunda aliwahesabu. Akijaribu kula, tonge halipiti. Akijaribu kuomba, anajikuta anakokotoa masaa. Katika mawazo alimwona Nakiete amelala kitandani amegeuzia macho mlangoni. Alirudi kwa Hemani na kumwambia, bila kujali waliokuwa nyuma yake, kwamba mwanawe anapasuliwa kesho.

Hemani alitazama huku na huku, akamwita ndani. Alifunga mlango, akatoa fomu ya rangi ya maziwa. "Mama, hii watu wengi wanaisaini," alisema. "Unaandika kwamba mtoto amepona. Unaweka dole gumba, mimi napiga muhuri, unavuka sasa hivi. Huko Shukranini nusu yao wamevuka hivi hivi."

Namkunda aliuliza itakuwaje wakigundua. Hemani alisema hawatagundua, kwa kuwa kule hakuna anayemwuliza mwenzake habari za nyumbani. Kila mmoja anaogopa kuulizwa yeye. Wanasalimiana, wanasema wamebarikiwa, wanapita. Na kuimba hawaimbi sana. Wanalisoma jiwe la sita asubuhi, kwa pamoja, kisha wanakwenda kazini.

Nawaambia ukweli, aliishika kalamu. Msimlaumu, mwenye mtoto anajua. Aliandika jina la Nakiete, akaandika umri, na kwenye nafasi ya hali ya mgonjwa akaanza kuandika ile herufi ya kwanza. Ndipo jicho likaangukia mstari wa chini, ulioandikwa kwa maandishi madogo, na kwa kuwa ni mtu wa kusoma kila kitu, akausoma. Ulisema kwamba mwombaji anakiri shauri hili limefungwa, na kwamba hatamlilia Mungu tena juu ya jambo hili.

Aliuliza maana yake. Hemani alimweleza kwa upole kwamba ni utaratibu tu. Aliyejibiwa hawezi kurudi kuomba kitu kile kile, itaonekana jibu la kwanza lilikuwa na kasoro.

"Na kesho akizidiwa?" Namkunda aliuliza. "Akizidiwa pale mezani, nimlilie nani?"

Namkunda aliiweka kalamu chini. Alikuwa tayari kusema uongo, hilo alilijua na lilimtisha. Lakini kujifungia mlango ule kwa mkono wake mwenyewe, hapana, hapo alishindwa. Hemani akaichukua fomu, akaikunja mara nne, akasema labda amjaribu Mkuu wa Pengo, kwani Baraza linakaa mchana huo.

Baraza la Uhakiki hukutana kwenye banda lililo ukingoni kabisa mwa mashimo, na wajumbe hukaa pande mbili. Upande wa kulia ni Wachimbaji, wanaosema jiwe lipo, tatizo ni kina. Upande wa kushoto ni Wang'oaji, wanaosema jiwe halijawahi kuwepo, na kwamba jiwe la tano na la sita yalichongwa na mtu mwingine, wa baadaye, aliyeshiba. Kwa hiyo yang'olewe, nchi nzima iwe Kilioni, mambo yaishe. Mkuu wa Pengo, Bwana Ethani, mnene, mwenye kofia ya manyoya, hukaa katikati na kazi yake ni kuhakikisha hakuna upande unaoshinda.

Namkunda alipewa dakika tatu. Alisema yeye hana ushahidi wowote. Hajajibiwa. Anachoomba ni kupita tu, akamwone mwanawe kabla ya saa sita ya kesho, na kama ni lazima atarudi kukaa foleni baadaye.

Mjumbe wa Wachimbaji alisimama akasema hoja ya mama huyu inathibitisha umuhimu wa kuongeza majembe. Mjumbe wa Wang'oaji akasema inathibitisha kwamba zaburi huishia kwenye jiwe la nne, kwa maana huyu hapa mtu mzima, mcha Mungu, mwenye Biblia mkononi, na hana cha kushukuria. Wakageukiana. Mmoja alileta kumbukumbu za kikao cha miaka sitini iliyopita. Mwingine akapinga tarehe. Namkunda aliendelea kusimama katikati yao na hakuna aliyemtazama tena, mpaka Bwana Ethani alipogonga meza na kutangaza kwamba shauri ni zito, limeahirishwa hadi kikao kijacho, ambacho ni baada ya mvua.

"Mvua ni miezi mitatu ijayo," Namkunda alisema.

Mkuu wa Pengo alikubali kwamba ni hivyo. Wajumbe wakaenda kula.

Alitoka nje. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikaa chini karibu na njia kuu akashika tama, na hofu aliyoizuia tangu Jumanne ikamjia yote kwa mara moja. Alimwona mtoto anasukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu, anageuza kichwa kutazama mlango, kile kichwa chenye uvimbe, na mlangoni hakuna mtu. Alijua kwamba mtoto akifa, atakufa akidhani mama hakutaka kuja.

Mbele yake lilikuwa jiwe la kwanza. Alilisoma bila nia yoyote, kwa kuwa lilikuwa mbele ya macho. Kwao alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na zaburi hiyo wana tuni yake. Akaanza kuiimba. Mpaka lini, alimwuliza Mungu, utanisahau mpaka lini, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile kumsemesha Mungu mwenyewe. Siku mbili zote alikuwa anawasemesha makarani. Akainuka. Akaenda jiwe la pili, la tatu, la nne, akiimba. Watu wa foleni hawakushangaa, walidhani anafanya mazoezi. Mwalimu mmoja wa vilio alitikisa kichwa, akasema pumzi yake haina mpangilio.

Kwenye jiwe la nne njia ikaisha, yakaanza mashimo. Namkunda hakusimama. Kwa kweli hakuwa na mpango. Alijua tu kwamba wimbo haujaisha, na kwamba kwao mtu akifika hapo huvuta pumzi akaendelea. Lakini huwezi kuzitembea hatua kumi na mbili zilizochimbwa vizazi saba. Aliteleza akaanguka shimoni, akachubuka magoti, mkoba ukamwagika.

Chini kule hakuona jiwe lolote, si la nne wala la tano. Ni udongo pande zote na kipande cha mbingu. Akalia. Hakulia kwa daraja. Alimlilia mama yake ambaye hakuruhusiwa kumlilia dirishani, akamlilia Nakiete, akavichanganya vilio vyote pamoja kama vilivyokuwa moyoni, na akamwambia Mungu maneno ambayo siyarudii hapa, maana yalikuwa baina yao. Alisubiri. Hakusikia kitu. Hakuna sauti iliyomwambia mtoto atapona. Alitazama hata chini ya miguu, kwa wazimu wa kuchanganyikiwa, kama labda lile jiwe lao lipo pale. Kulikuwa na kipini cha jembe kilichooza.

Basi akapanda. Alishika mizizi, akateleza, akapanda tena, akatokeza upande wa pili amejaa udongo, na mbele ya uso wake likawa jiwe la tano. Lilikuwa safi, halina alama hata ya kidole. Alijua ni kosa, na aliona walinzi wanakimbia kuzunguka mashimo. Ndani yake hakukuwa na utulivu wowote wa kusema niwaeleze. Alikuwa anaogopa vile vile alivyokuwa anaogopa saa moja nyuma. Hata hivyo aliimba. Aliimba kwamba yeye amezitumainia fadhili zake, kwa sauti ya pili, isiyo na ya kwanza ya kuiegemea, ikikatika katika. Kilioni nzima iligeuka kutazama. Watu hawakuwa wamewahi kuyasikia maneno yale kutoka kwa mtu aliyekuwa bado analia.

Walinzi walimkamata mikono. Bwana Ethani alifika na mchuzi kwenye kidevu, amekasirika, akaagiza sheria isomwe. Aliyekuwa na kitabu cha sheria ni Hemani. Alikifungua, akakifungua polepole mno, akasoma kwa sauti yake ile ya kuomba radhi kwamba mtu yeyote atakayetamka maneno ya jiwe la tano bila cheti atatolewa nje ya nchi kabla ya jua kuzama, kupitia lango lililo karibu naye zaidi.

"Basi arudishwe alikotoka," Bwana Ethani alisema.

Hemani alisoma tena mstari ule. Alisema, bila kuinua macho, kwamba kutoka pale mshtakiwa aliposimama, lango la Kilioni ni mwendo wa nusu siku, na lango la Shukranini ni mwendo wa saa moja na nusu. Waliotunga sheria hawakufikiri kwamba mtu angeyaimba maneno yale mahali yalipoandikwa. Wajumbe walianza kubishana hapo hapo. Jua lilikuwa linashuka, na sheria ni sheria.

Wakiwa katika kubishana huko, ikasikika sauti nyingine ya mtu anaimba jiwe la kwanza. Alikuwa Bi Kora. Alikuwa ameacha vitunguu vyake. Alipita jiwe la pili na la tatu kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, akapita la nne, akaketi kwenye ukingo wa shimo, akajiachia taratibu akaingia ndani. Alikaa humo muda mrefu hata mlinzi mmoja akachungulia. Alipotokeza, Namkunda mwenyewe ndiye aliyemvuta mkono.

Hemani alimtazama yule mama, ambaye jalada lake alilishika miaka yote. "Bi Kora, wewe usimalize," alisema, na safari hii alikuwa anamsihi kweli. "Mwenzako ana mgonjwa, anaweza kupona. Zeruya amekufa."

"Najua amekufa, mwanangu," Bi Kora alisema. "Nilimvika sanda mimi."

Akaligeukia jiwe la tano akaliimba. Sauti haikuwa nzuri, miaka kumi na tisa ya vitunguu na vumbi. Wachimbaji na Wang'oaji wote walitazama chini. Mwandishi wa Baraza alikuwa ameshika kalamu ili aandike ni jibu gani lililopatikana, na mpaka walipoondoka alikuwa hajaandika chochote.

Walipelekwa langoni wote wawili, chini ya ulinzi, kupitia mitaa ya Shukranini. Ni mji uliopakwa chokaa, nadhifu, wenye watu wanaotabasamu kwa namna ya kuchosha mashavu. Hakuna aliyewasalimu. Karibu na lango, dirisha moja lilifunguka kidogo, na mwanamke wa umri wa Namkunda akauliza kwa kunong'ona kama ni kweli alilia kule shimoni. Namkunda akamjibu ni kweli. Yule mwanamke akauliza ilikuwaje, vile mtu aliye ugenini anavyoulizia chakula cha kwao. Mlinzi akakohoa, dirisha likafungwa.

Njia ya kwenda hospitali waliimaliza pamoja. Namkunda hakumwogopa tena Bi Kora, au tuseme alimwogopa kidogo, lakini alimshika mkono. Njiani alimwuliza, siku ile alipoambiwa kuhusu Zeruya, alifanyaje. Bi Kora alifikiri, akasema alilia, kisha akaenda kuteka maji kwa sababu watu walikuwa wanakuja. Namkunda naye njia nzima alikuwa anapanga atakachomwambia mtoto akimwuliza. Alikuwa na jibu moja tu, utapona, na kila alipolirudia kichwani alilisikia limepigwa muhuri.

Walifika Alhamisi saa tano na nusu. Bi Kora alibaki barazani na wifi, ambaye alikuwa analia kwa furaha ya kumwona. Namkunda aliingia wodini na udongo wake wa Pengo. Nakiete alikuwa amevalishwa gauni jeupe, nywele zimenyolewa upande mmoja, na muuguzi alikuwa ameshaanza kufungua breki za kitanda.

"Mama," mtoto alisema.

"Nimekuja."

Nakiete alimtazama sana, magoti yaliyochubuka, udongo, macho mekundu. Kisha akauliza lile alilokuwa amelitunza siku zote bila kumwuliza shangazi wala daktari. "Mama, nitapona?"

Muuguzi akageuza uso akajifanya anatafuta kitu. Namkunda alipiga magoti hadi uso wake ukawa sawa na uso wa mwanawe.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nimemlilia Mungu njia nzima, hajaniambia. Namwamini, lakini hajaniambia. Naogopa sana."

Wiki nzima watu wazima walikuwa wamemwambia asiogope, na alikuwa ameogopa peke yake. Akatoa mkono chini ya shuka akaushika wa mama yake, kwa nguvu, kama aliyepata mwenzake.

"Basi tuogope wote," Nakiete alisema, akafumba macho, na kitanda kikaanza kusukumwa.